Mutu wa Udongo wa Noko Dezire

Mvua ikinyeshea udongo uliokandwa, unatoa harufu ambayo watu wengi wanaipenda, mpaka kuna wajawazito wanaoutafuna. Mimi nafunga dirisha. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Bunia alifyatua matofali nyuma ya ua wake, mvua ikaja, nikashinda ndani kama mtu anayeficha mwizi. Ngoja niwaambie kwa nini, maana sijamwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Noko Dezire, ndugu mdogo wa mama yangu, alikuwa anapiga video za harusi, mpaka kamera yake ikamwagikiwa bia kule Nyankunde. Tangu siku ile iliona lakini haikusikia. Nani anataka harusi isiyo na nyimbo? Noko hakulia. Akasema, "Kama haiko na sauti, tutafanya filme yenye haina sauti. Tena ya kuogopesha."

Hadithi aliitoa kwenye kitabu cha zamani cha Kifaransa. Mzee mmoja wa Wayahudi, watu wake wakiwindwa mjini, alifinyanga mtu wa udongo, akamtia mdomoni karatasi yenye jina la Mungu. Yule mtu akasimama, akawalinda. Baadaye nguvu za yule mtu zikapita kiasi, ikabidi mzee aichomoe karatasi. Siye hatukuwahi kumuona Muyahudi, lakini habari ya watu kuwindwa tuliijua bila kitabu.

Mtu wa udongo akawa Bonane, fundi wa matofali kando ya mto Nyamukau. Mabega yake yalijaa mlango, na alikuwa kiziwi tangu surua ya utotoni, hasemi. Watoto wa kartie, mtaa wetu, tulimchotea maji kwa mabido, madumu ya plastiki, naye alituchomea viazi vitamu kwenye jivu la tanuri. Maneno yake ya mikono niliyajua mimi kuliko wote. Kiganja kikishuka karibu na goti, ni watoto. Mikono miwili juu ya kichwa kama paa, ni kulinda. Mama akitaka matofali alinituma mimi nikaongee naye, na kichwa kilinivimba kweli.

Tulipiga filme siku tatu. Noko alivaa ndevu za pamba ya godoro, Bonane akapakwa udongo mwili mzima. Ukishakauka, akicheka tu uso unapasuka, basi tunampaka tena, naye anacheka tena. Karatasi ya mdomoni ilichanwa kwenye daftari langu la hesabu. Siku ya mwisho, karatasi ilipochomolewa, alitakiwa aanguke tu. Lakini kabla ya kuanguka aliangalia kamera, akashusha kiganja karibu na goti, halafu akaweka mikono juu ya kichwa. Hakuna aliyemwagiza. Noko alifurahi sana, hata hakuniuliza maana yake.

Tuliionyesha Jumapili baada ya misa, kwenye chumba cha video. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kueleza, kama wanavyoelezwa watu filme za Kichina. Bonane alikaa mbele, na shati limepigwa pasi. Watu wakaanza kucheka. Walicheka ndevu za Noko, wakacheka sauti yangu, na mimi nikaumia. Ndipo mikono ya Bonane ikajaa kwenye kioo. Nilijua anachosema: watoto, niliwalinda. Nikasema kwa nguvu, "Anasema, nitarudia watoto wenu, moja moja, mutawakuta wamegeuka udongo!"

Kicheko kikakatika. Mtoto mmoja akalia, mama yake akambeba wakatoka. Halafu watu wakanipigia makofi. Bonane aliona makofi, na yeye akapiga.

Jumatatu hakuna aliyemchotea maji. "Ule mutu iko na pepo," akina mama walisemezana, na mama yangu akanikataza kurudi mtoni. Nyanya alitikisa kichwa tu, akasema, "Ulimi hauna mufupa." Hakujua ni ulimi wa nani.

Kwetu siku ya kupanga tanuri majirani husimama mstari, tofali likapita mkono kwa mkono mpaka juu. Bonane, kwa kuwa hawezi kuita, alikuwa akifunga kitambaa cheupe kwenye mti, na watu wanakuja. Mwaka ule alikifunga, akangoja. Nilikuwa nyuma ya ua wetu, namwona. Jua lilipopanda akaanza kubeba peke yake, manne, manne. Mchana mvua ikaja. Matofali mabichi yakilowa yanarudi udongo, nyinyi mnajua.

Kesho yake alikuja akasimama nje ya ua. Alionyesha nyumba zote, akafanya vidole vinavyokimbia, halafu akashika uso wake kwa mikono miwili, akaningoja. Alikuwa anauliza: wananikimbia kwa sababu ya huu uso?

Ishara tatu zingetosha. Mimi, mdomo, uongo. Lakini niliogopa fimbo ya mama, niliogopa Noko, niliogopa zaidi asinipende tena. Nikamkubalia kwa kichwa, ndiyo.

Alipanda lori la Mahagi wiki ileile. Kaseti ya Noko iliota ukungu, na kartie ikasahau.

Miaka mingi nilidhani kosa langu ni yale maneno ya kwenye chumba cha video. Mpaka binti yangu aliporudi siku moja kutoka masomo, akasimama mbele yangu, akashika uso wake akiuliza kama yeye ni mubaya. Nilimkumbatia mpaka akashangaa. Yale maneno ya chumbani Bonane hakuyasikia, masikini. Kama yuko hai bado, huko Mahagi kuna mzee anayeamini kwamba uso wake unakimbiza watoto. Niliyemwambia ni mimi, tena kwa lugha yake mwenyewe.