Nilivyowafundisha wazee wa LGBTQ wa Riyadh na Jeddah kufanya utafiti, data ikaishia kwenye supu

Wakuu, salaam kutoka Malaz, Riyadh, mahali ambapo leo ukiweka yai juu ya boneti ya gari unaondoka na chapati mayai.

Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu haya mawili. Majina nimebadilisha yote, na vitu viwili vitatu nimevizungusha ili watu wasitambulike. Mnajua nchi niliyopo na mnajua mambo haya hapa yanampeleka mtu wapi.

Nianze na mimi. Mimi ni Mtanzania, mwanamke, nipo kwenye miaka arobaini na kitu. Form four niliipata kwa QT, ile ya watahiniwa wa kujitegemea, jioni, baada ya kushinda dukani Manzese. Nikaunganisha na cheti cha maendeleo ya jamii, jioni pia. Kwa hiyo mnaongea na msomi. Kwa ghorofa letu hili, hata ukijumlisha ghorofa za jirani, sijaona mwenye elimu ya jioni kunizidi.

Na mimi ni msagaji, kwa neno mnalolipenda humu. Wale wa matusi comment zipo chini, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Twende.

Hapa kuna wenzetu watu wazima. Hawa vijana wa TikTok waweke pembeni. Nasema mtu wa miaka sitini, amekaa Saudia tangu simu za mezani, amelea watoto wa bosi mpaka wameoa. Shoga, msagaji, wote wamo, na siri wameibeba umri wote. Tulikuwa na kundi letu dogo, tunaongea Ijumaa mchana mabosi wakiwa wamelala. Wengine Riyadh, wengine Jeddah, tunakutana kwenye simu.

Nitawataja watatu tu.

Bi Rukia, mwenyeji wa Tanga, mpishi kwenye nyumba moja Al-Suwaidi, hapa hapa Riyadh. Akipika biriani, mpaka paka wa mtaa wa tatu wanavuka barabara.

Anti Wambui, Mkenya, yupo Jeddah anamhudumia bibi mmoja mgonjwa. Huyu na Bi Rukia ni wapenzi wa miaka mingi sana. Walikutana Jeddah bosi wa Rukia alipopeleka familia yake kwa likizo, na tangu hapo wanaonana familia ile ikishuka Jeddah, basi. Mwaka mzima ni simu.

Wa tatu Mzee Saidi, fundi cherehani wa Jeddah, Mzanzibari. Mdomo wake ni wembe.

Sasa kisa chenyewe. Bosi wa Bi Rukia alimwambia umri umeenda, mama, tunakupa final exit, ruhusa ya kuondoka jumla, utapumzika nyumbani. Kwa heshima kabisa, na mzigo wake wa meli bosi anaulipia yeye. Alichotaka kujua ni kimoja: mzigo uende Dar au Mombasa?

Mnaona ni swali dogo. Kwa Rukia lilikuwa maisha yake yote.

Dar maana yake Tanga, kwa kaka yake, ambako chumba kipo na wote wanajua yeye ni mjane. Mombasa maana yake Voi, ambako Wambui amejenga nyumba ndogo na yeye mwenyewe anamaliza mkataba mwaka huu huu. Tanga kuna ndugu. Voi kuna Wambui, na midomo ya watu.

Ijumaa moja akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Wenzetu waliorudi wanaishije?"

Nikamwambia sijui, na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Kwa hiyo tutawauliza sisi wenyewe. Nitawafundisha.

Hapo ndipo nilipogeuka profesa.

Somo la kwanza, mahojiano. Nikawagawa wawili wawili wahojiane kwa simu, swali jepesi tu: umewahi kuwa na mwenza, na yuko wapi? Baada ya hapo kila mtu atoe ripoti ya mwenzake.

Wakuu, ripoti zilipokuja, kundi zima lilikuwa wajane. Wote. Kuna mume alikufa kwa ajali ya lori, kuna mke alikufa kwa uzazi, kuna mwingine alizama ziwani. Sijawahi kuona kikundi kilichofiwa namna ile, hata kwenye vita.

Nikawauliza, jamani, si tunajuana humu?

Mzee Saidi akajibu, "Mwalimu, mie huyo marehemu mke wangu nishamsema kwa kafili wangu wa kazi, kwa majirani, kwa imamu. Hata hitma nilimsomea. Leo weye wataka nimfufue?"

Tulicheka mpaka nikadhani ikama zetu, vibali vya kuishi hapa, zitafutwa. Ila nilipata picha. Hawa watu wakisikia swali, jibu la kujikinga linatoka lenyewe, kama mlango wa lifti.

Somo la pili, kutunza data. Hapa madam anaweza kuchukua simu yako muda wowote, kwa hiyo hakuna kuandika wala kurekodi. Nikakumbuka darasa la jioni, mambo ya kutumia punje. Kila mhojiwa unamuuliza mambo kadhaa, kulala, chakula, maneno ya watu, ugonjwa, na kila jibu unaweka punje. Maharage mekundu ni anaishi na ndugu na yuko salama. Kunde, anaishi na mwenzake na yuko salama. Choroko, ana shida, popote alipo. Mkebe ukae jikoni kwa Bi Rukia, wengine wampigie awawekee. Nani atashtuka kuona mkebe wa maharage jikoni?

Ulinzi wa data wa kiwango hicho hata benki hawana.

Somo la tatu, nikaweka sheria: usimwambie mhojiwa mambo yako, usije ukamuelekeza jibu. Uliza, nyamaza, sikiliza. Ndivyo nilivyofundishwa.

Wakaingia kazini. Wakawapigia wenzetu waliorudi Morogoro, Unguja, Nakuru, Mombasa, kila mmoja anaowajua. Mkebe ukajaa, na maharage mekundu ndiyo yaliyotawala. Karibu wote: naishi na ndugu zangu, salama, alhamdulillah, Mungu ni mwema.

Nikatangaza matokeo ya awali kwa sauti ya mhadhiri. Ndugu wanawapokea watu wetu vizuri.

Baadaye Anti Wambui akaniambia peke yangu, "Mwalimu, kama data ni hiyo, wacha aende Tanga. Mimi siwezi mkatalia mtu familia yake."

Aliongea taratibu sana. Nyumba ya Voi ilikuwa imeshapigwa rangi.

Bi Rukia naye akasema sawa, kesho yake atamwambia bosi mzigo uende Dar.

Kesho yake ikaja na wageni wa ghafla. Madam akaingia jikoni, yalla Rukia, supu. Sufuria lipo motoni, maharage hayatoshi, na mkono wa mpishi aliyepika miaka thelathini hausubiri kuulizwa. Ukaenda kwenye mkebe.

Akanipigia akiwa amejifungia stoo. "Mwalimu, data imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na wageni. Wameomba waongezwe."

Wakuu, nilikaa chini. Nikamuuliza kama ameshaongea na bosi, akasema bado. Nikamwambia basi usiseme. Akaniambia jibu si tunalijua, wekundu walikuwa wengi. Nikamwambia Bi Rukia, mimi sijasota miaka ile yote jioni ili nipitishe ripoti ambayo data yake iko tumboni kwa Wasaudi. Tunarudia.

Kurudia ndiko kulikotuokoa.

Maana sasa ilibidi waeleze kwa nini wanapiga tena. Bi Rukia alianza na Zaituni, mwenzetu aliyerudi Morogoro, na mimi nilikuwa kwenye simu nasikiliza.

"Shoga yangu, nisamehe, majibu yako nimeyatia kwenye supu."

Zaituni alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akauliza, "Kwani ulikuwa unayataka ya nini?"

Hapo Rukia akavunja sheria yangu ya tatu. Akamwambia yote. Kaka, Wambui, Voi, mzigo, kwamba bosi anasubiri jibu na yeye usingizi haupati.

Nilisikia Zaituni anasogeza kiti.

Kisha Zaituni akasema, "Subiri nitoke nje. Siku ile wifi alikuwa amekaa pembeni yangu."

Tukasikia mlango.

"Rukia, mimi nalala chumba cha watoto. Naamka kabla yao wote, nachota maji, napika, nafua. Nimeacha ukadama wa nyumba za watu Riyadh nimekuja kuwa kadama wa kaka yangu. Na huku hata Ijumaa hakuna."

Nilisikia punje ikidondoka mkebeni kwa Bi Rukia.

Ikabidi nibadilishe sheria hapo hapo: mhojaji aanze kwa kusema kwa nini yeye mwenyewe anahitaji jibu, na amuulize mhojiwa kama yuko peke yake. Sasa hivi naifundisha kama vile niliizaa mimi.

Mkebe wa pili ulikuwa kitu kingine. Wekundu walibaki wachache, na wapo kweli wanaopendwa na ndugu zao, nisiwasingizie. Choroko zikajaa. Na kunde zikatokea, tena kwa watu ambao mara ya kwanza walisema wanaishi na "binamu".

Mzee Saidi alileta choroko moja nzito. Rafiki yake wa Unguja aliishi na mwenzake nyumba moja miaka na miaka. Mwenzake alipougua, wapwa zake mgonjwa wakaja, wakambeba mgonjwa, wakabadilisha kufuli. Nyumba ilikuwa kwa jina la mgonjwa peke yake. Huyo rafiki hakuruhusiwa hata kumpelekea uji.

Alipomaliza akasema, "Basi hilo mliandike bila ya kuliandika." Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo matokeo ya pili hayakuwa ya kusema nenda huku au kule. Waliokuwa salama na wenzao walikuwa na mambo yanayofanana: nyumba kwa majina mawili, biashara ndogo mbele ya nyumba ili watu wapate namna ya kueleza kwa nini wanakaa pamoja, na angalau jirani mmoja anayejua ukweli.

Bi Rukia ndiye aliyeyasoma kwa kundi, punje mkononi. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo ni miujiza. Akamaliza kwa kumuuliza Wambui mbele ya wote, "Hati ya Voi iko kwa jina la nani?"

"Langu."

"Kuna nafasi ya jina jingine?"

"Ukikuja, tunaenda kwa wakili siku ya kwanza. Kabla hata ya chai."

Wiki ile nilimsindikiza kwa watu wa mizigo. Kijana wa ofisi akauliza bandari, Rukia akasema Mombasa. Akauliza jina la mpokeaji, akapewa mawili. Akasema, "Mama, mpokeaji huwa mmoja."

"Andika wawili, mwanangu. Tunakaa nyumba moja."

Rukia alikuwa hajawahi kuiona hiyo nyumba. Kijana akaandika, akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Nilichojifunza wakuu: utafiti wa jamii si wa wenye suti na laptop. Mtu mzima aliyeficha maisha yake miaka yote anaweza kuuliza na kujibiwa ukweli, ila lazima yeye aanze kutoa wa kwake. Na ukiona majibu yote mazuri, uliza nani alikuwa amekaa pembeni.

Kama una mzazi, shangazi au jirani aliyerudi kutoka Uarabuni akakwambia yuko salama, ulimuuliza akiwa peke yake? Njooni mniambie alijibu nini. Wa matusi nanyi karibuni, nitawahesabu kwa choroko.