Ngoma ya Chumba cha Mama Kavira

Nikiwa na miaka tisa, pale Bwera, nilimfukuzisha mama wa watu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sijawahi kumwambia mtu.

Bibi yangu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne vya mstari mmoja. Sisi tulikaa cha mwisho, na cha jirani alimpangisha Mama Kavira, mjane aliyekimbia vita ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni. Mjomba alikuwa ametuachia redio yake ya kisasa: spika mbili ndogo na sabufa, lile boksi kubwa la besi. Nilikatazwa kuigusa, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alasiri, Bibi akienda kwenye shamba la kahawa, nilichomoa zile spika ndogo ili wimbo usisikike, nikaiwasha sabufa peke yake chini ya kitanda, nikalala juu nikisikia tumbo linatetemeka. Nilijiona mjanja sana.

Kumbe kwa majirani kuta zilikuwa zinaguna. Wa chumba cha kwanza alisema inatoka cha pili, wa cha pili akasema hapana, iko cha tatu. Walizunguka nyumba wakitega masikio, wasipate pa kunyooshea kidole. Bibi alifundishwa na mama yake kwamba ngoma isiyo na mpigaji ni mzimu uliofukiwa sakafuni, na mwisho wake ni msiba. Basi wakaanza kuulizana nani mgeni hapo.

Jumamosi moja nikiwa kitandani, sabufa inaunguruma, nilisikia watu uani. Nilichungulia dirishani. Bibi alisimama mlangoni kwa Mama Kavira na wanaume wawili wenye majembe.

"Miye siko na ngoma, mama," Mama Kavira alikuwa anasema. "Muingie tu, muangalie."

"Tutachimba kwa jina la Yesu," Bibi akajibu. "Kama haiko, tutakuomba pole."

Nilidhani sauti ikikatika watamwacha, waende zao. Nikazima.

Jembe la kwanza lilikuwa ndiyo kwanza limegonga sakafu.

Kimya. Halafu nikasikia Bibi anapiga vigelegele. "Imenyamaza! Mumesikia? Imeguswa, imenyamaza!"

Walichimba mpaka magotini, hawakuona hata mfupa wa kuku. Hakuna aliyejali. Kabla jua halijatua Mama Kavira alikuwa amefunga godoro lake kwenye baiskeli, na shimo liko wazi katikati ya chumba alichokuwa anafagia kila asubuhi. Aliniomba nimbebee jerikeni mpaka barabarani. Tulitembea pamoja, mimi na yeye tu, na njia ile si fupi. Sikusema neno.

"Aksanti, mutoto muzuri," aliniambia, akaipokea jerikeni yake.

Neno hilo linanichoma mpaka leo kuliko tusi lolote.

Siku hizi kazi yangu ni kufunga vyombo vya muziki majumbani mwa watu, hapa Kasese mjini. Wateja huniuliza sabufa ikae wapi, nami huwajibu popote, hata nyuma ya kochi. Sauti nyembamba ndiyo inayojitaja ilipo. Besi nzito inayafikia masikio yote mawili karibu sawasawa, inajaa chumba, na spika ndogo zikiwa zinaimba mtu ataapa inatoka humo. Zichomoe, hatajua pa kugeukia. Nawaeleza nikicheka, kama fundi.

Bibi bado yupo, mzee sana, na kila Pasaka husimama kanisani kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyoinyamazisha ngoma ya shetani nyumbani kwake. Mwaka huu nilikuwa nimekaa mbele na wanangu wawili. Alipofika mwisho akaninyooshea fimbo yake.

"Biira alikuwa nyumbani siku ile. Mumuulize."

Kanisa zima likanigeukia. Utotoni niliogopa kuchapwa, na mtoto husamehewa. Safari hii hakukuwa na wa kunichapa. Wanangu waliniangalia.

Nikasimama, nikasema, "Ni kweli. Ilinyamaza."