Mkunga wa Itaka na Jina Lake

Jumamosi niliingia ukumbi mmoja hapa Tunduma, ambako wasichana wa kujitolea walikuwa wakiandika habari za wanawake wa mkoa wetu kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, maana humo wamejaa wanaume. Aliyekaa karibu nami aliandika habari za mkunga mzee wa Itaka, akakwama kwenye jina. Hata gazeti alilolitegemea lilimwita Mama Tito tu. Akampigia simu mjomba wake aliyeko Itaka, akaweka spika.

“Mjomba, Mama Tito jina lake nani?”

“Si ndilo hilo.”

“La kwake mwenyewe. Bila hilo siwezi kumweka.”

Mjomba akacheka. “Tangu nizaliwe namwita hivyo. Subiri, nipo jirani yake, nikupe mwenyewe.”

Bibi akaichukua simu, akaulizwa swali lile lile. “Mjukuu wangu, jina hilo aliniita marehemu mama. Unalitakia nini?”

“Niliandike, bibi.”

Akalitaja polepole, mara mbili, kama anayemtambulisha mgeni. Nyuma yake mjomba akasikika: “Kumbe.”

Bibi yule amepokea nusu ya watoto wa kijiji, nacho miaka yote kimemwita kwa jina la mwanawe mmoja.