Lori Lililoogeshwa Kabla ya Kupimwa

Crispin Kalinga alikwenda Dar es Salaam akiwa fundi, akarudi Iringa akiwa daktari. Hivyo ndivyo alivyojiona mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyempa cheo hicho. Kozi ya miezi michache tu, na mtu aliyezoea kulala chini ya malori akiwa na grisi hadi kwenye kope akarudi na koti jeupe, amelishika kwa ncha za vidole lisije likaguswa na binadamu.

Kilichomvimbisha kichwa ni mashine. Mwaka ule wa sabini na tano kampuni ya malori aliyoifanyia kazi ilikuwa imeagiza kutoka Ulaya kisanduku cha kupimia mtikisiko na makelele ya magari. Unabandika kisahani cha sumaku kwenye giaboksi au ekseli, waya unapeleka habari kwenye kisanduku, na mshale unapanda kukuonyesha ubovu una ukubwa gani. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, tusiisingizie. Kosa ni kwamba alikabidhiwa Kalinga.

Zamani dereva akileta gari linalolia, Kalinga alimwuliza: linalia ukipanda au ukishuka? Likiwa na mzigo au tupu? Kisha alipanda naye wakazunguka mji. Baada ya koti jeupe, dereva akifungua kinywa tu alinyooshewa kidole: "Nyamaza. Mgonjwa ni gari, siyo wewe."

Tena akaweka sharti. Kalinga alikulia jirani na misheni ya Tosamaganga, na huko mama hakuthubutu kumpeleka mgonjwa kwa masista kabla ya kumwogesha na kumvika nguo za Jumapili, hata kama roho iko kooni. Adabu ile akaihamishia gereji. Gari lishushwe mzigo wote, lifagiliwe, lioshwe kwa sabuni hadi chini ya tumbo, ndipo aliguse. Mwalimu wa kozi alikuwa amewaambia waziwazi kwamba gari hupimwa katika hali ile ile inayolitia ugonjwa. Hilo halikumkaa. Alichokishika vizuri ni jinsi mwalimu alivyotembea mikono nyuma.

Ndipo likaja lori la Lutengano. Huyu alikuwa dereva wa Kinyakyusa, mtu wa maneno mengi na ukweli wa kijiko kimoja, aliyebeba mpunga kutoka Chimala hadi Iringa. Alisema lori linatetemeka kutoka chini hadi mikono inakufa ganzi kwenye usukani, na kuna mlio kama wa mtu anayesaga meno. Meneja hakumwamini. Lutengano alikuwa amezoea kuchelewa njiani akisingizia gari, na kila mtu alijua kwamba kilichomchelewesha kiliishi Nyololo na jina lake Matilda.

"Kalinga alipime," meneja akasema. "Akiona ubovu, tutatengeneza. Asipouona, Lutengano, rudi kwenu Tukuyu ukalime ndizi."

Lori likashushwa magunia, likaogeshwa, likang'aa kama linakwenda kubatizwa.

"Bwana Kalinga, kaka yangu, nisikilize," Lutengano akasihi. "Likiwa tupu halina neno. Likibeba ndo linatetemeka. Tupakie, twende wote mpaka Ifunda tu, utasikia mwenyewe."

"Wewe umesomea?" Kalinga akamwuliza, huku akifuta kioo cha mashine yake kwa leso.

Magurudumu yakainuliwa kwa jeki, injini ikanguruma, kisahani kikabandikwa huku na huku. Mshale ukalala tu.

"Gari zima!" Kalinga akatangaza mbele ya mafundi wote. "Kinachotikisika ni dereva."

Gereji nzima ilicheka, na Lutengano akakabidhi funguo siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakuwahi kumwona mganga anayemfichia mgonjwa maradhi kwa sabuni, akavimba kwa fahari.

Lori akapewa Jailos, Mbena mpole, baba wa watoto wengi. Baada ya mavuno Kalinga alikwenda Chimala kutafuta mchele wa harusi ya binti yake, na kwa kuwa nauli ilimuuma, akaomba kurudi Iringa na Jailos. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi juu.

Walipoipita Makambako, likaanza. Kwanza nyayo ziliwasha, kisha kiti kikatetemeka, kisha ukaja ule mlio wa kusaga meno. Aibu ni kwamba Kalinga alijua papo hapo. Mzigo ulikuwa umeulaza mgongo wa lori, propela, ile nondo nene inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, imekaa upande, na beringi yake ya katikati imekwisha. Propela ikikatika huwa inajipigapiga kama nyoka chini ya gari, na ikikata bomba la breki kwenye mteremko, dereva amekwisha.

"Mzee Kalinga, unasikia?" Jailos akauliza. "Linafanya hivi kila likibeba."

Alitakiwa kusema neno moja tu: simama. Lakini akilini alimwona meneja akimwuliza habari za Lutengano. Aliwaona mafundi wakicheka, safari hii wakimcheka yeye. Mtu mzima, tena msomi wa Dar, akaogopa kicheko kuliko kaburi la mwenzake.

"Ni barabara," akajibu. "Lami ya huku mbaya."

Lami ilikuwa mpya, imenyooka, haina hata shimo. Jailos akatikisa kichwa kukubali.

Walipofika Nyololo, Kalinga akakumbuka ghafla kwamba ana ndugu mgonjwa wa kumjulia hali. Akateremsha mchele wake.

"Nenda polepole," akasema bila kumtazama.

"Haya, mzee, asante sana," Jailos akamjibu akitia gia. "Mi hili gari nilikuwa naliogopa. Sasa kama umelisikia mwenyewe na umesema zima, roho yangu imetulia."

Lori likaondoka na mzigo wake kuelekea Iringa. Kalinga akasogea kivulini, akakalia mchele wake, akasubiri basi.