Viazi Vyekundu Juu ya Kichanja

Ipo siku moja naikumbuka, Mwanangu, na mpaka leo sijaielewa yote. Nilikuwa kijana, nakaa Kwedizinga, mke wangu Zaina ndiyo kwanza ameletwa kutoka Lushoto, milimani. Binti wa baridi kuletwa kwenye jua hili letu! Ugali wa muhogo ulimshinda. Akakonda. Habari zikapanda mlima, mama yake akatuma neno kwamba anakuja kutazama, na akikuta mtoto hali chakula, anarudi naye.

Mimi nilikuwa nimeshapanda viazi vyekundu vya kwao milimani, vile vya mviringo, nyuma ya nyumba panapomwagikia maji ya bafuni. Nilipanda masika yalipoisha, ardhi ina ubaridi kidogo, nikafunika matuta kwa majani makavu. Shule sikusoma sana, lakini jembe nalijua. Na vikazaa, wallahi! Nikachimba kapu zima, matuta mengine nikayaacha kwa sababu kapu lilijaa. Kapu lenyewe alilisuka shangazi yangu wa Kang'ata, ila huyo tumwache.

Sasa sisi huku kila kinachovunwa kinaanikwa. Mahindi jua, makopa ya muhogo jua, kunde jua. Nami nikavimwaga viazi juu ya kichanja, vimngoje mkwe. Kila nikivitazama, wekundu unapotea, vinageuka kijani. Nikachanganyikiwa. Kitu kilichoiva kinarudi vipi kuwa kibichi? Nikasema jua halijatosha, nikavigeuza upande wa pili.

Mama mkwe akafika. Unajua adabu ya mkwe, sikuweza kumtazama usoni. Nikainama, nikanyoosha mkono kuelekea kichanjani.

"Chakula chake hicho, mama."

Akaokota kimoja, akakigeuza. Kisha akauliza, "Mkwe, unataka kuniulia mtoto?"

"Hapana, mama!"

"Kiazi cha kijani ni sumu. Usimpikie mtu."

Nikaanza kuvikusanya nikavitupe.

"Weka chini! Hiyo si mbegu nzuri hiyo?"

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Sumu, halafu mbegu nzuri?

"Kula, usile. Kutupa, usitupe. Panda," akasema. "Ardhini umebakisha?"

Tukaenda kwenye yale matuta niliyoyaacha. Akafukua mwenyewe, vikatoka vyekundu kama vilivyoumbwa. Vikachemshwa, Zaina akala mpaka akalamba vidole. Mama yake alilala kwetu, asubuhi akaondoka peke yake.

Nikamgeukia mke wangu. "Wewe umekulia kwenye viazi. Mbona ulinyamaza?"

"Hukuniuliza," akasema. "Nilidhani ndivyo mnavyofanya huku. Nikasema labda na mimi mtanianika."

Alicheka. Mimi sikujua nicheke au nilie.

Basi wewe na wenzako wa Chanika mnaopanda viazi kwenye viroba uani, shikeni haya. Pandeni msimu wa ubaridi, funikeni udongo kwa majani, kiazi kisionje jua. Mkishavuna, wekeni gizani. Kilichogeuka kijani kiwe mbegu, kisiingie chunguni. Na ukileta mgeni kwako, kiazi au mke, usimtunze kwa mazoea ya kwenu tu. Muulize kwao anatunzwaje. Mimi mtu wa kuuliza nilikuwa naye ndani, nikamngoja wa kutoka mlimani.

Mungu akupe bustani yenye kivuli, Mwanangu, na mwenzio asiyeogopa kukwambia. Akikwambia, Mungu akupe na masikio.