Chaki ya Njano Chini ya Boneti

Leo nikisubiri basi la shule, hapa hapa Thamesmead, mtaa wetu wa ughaibuni, limepita gari la Kimarekani la zamani, linanguruma hata vioo vya duka vikatetemeka. Watu wametabasamu. Mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Maana nilipokuwa mdogo mjomba alikuwa nalo kama hilo, gari la mbio la miaka ya sitini. Ya aina yake yalitengenezwa machache. Aliliweka kwenye gereji chini ya fleti zetu, na kila Jumamosi nikitoka chuoni, kusoma Kurani, nilimkuta humo, harufu ya oili imechanganyika na iliki ya mandazi ya bibi. Nikimmulikia tochi, akinifundisha kulisoma: namba iliyogongwa kwenye injini ilingane na ya kwenye bodi, vioo viwe na alama ya kiwanda pembeni. Lakini alichokienzi zaidi ni maandishi ya chaki ya njano nyuma ya injini, waliyoyaacha mafundi siku walipoliunda. Namba mtu hugonga upya, akisema, lakini mkono wa mtu hauigiziki.

Bibi, mama yake, alimcheka. "Ungempenda mke hivi, saa hizi ningekuwa na wajukuu tele."

Kisha kaunsili, serikali ya mtaa, ikatangaza gereji zitabomolewa. Mjomba hakuwa na pa kuliweka. Akapatikana mzee wa Kizungu mwenye banda la magari ya kale, tayari kulitunza, ila liwe vilevile lilivyotoka kiwandani. Asipolitaka, basi litakwenda kuchinjwa vipuri.

Siku ya mgeni huyo kuja, nikirudi kutoka chuoni, nikasikia harufu ya udi inatoka gerejini. Nikakimbia kuangalia. Bibi alikuwa humo, kanga kiunoni, ndoo ya sabuni pembeni. Kwetu mgeni hapokelewi kwenye vumbi, na huyu alikuja kwa ajili ya gari. Boneti iko wazi, nyuma ya injini kunang'aa kama sufuria ya Idi.

"Kuna mtoto kachorachora humu," akaniambia. "Si wewe?"

Mjomba akashuka na shati lake la pasi. Akatazama. Nikamnong'oneza, niyaandike upya? Akatikisa kichwa.

"Ahsante, mama," akasema. "Pumzika sasa."

Mgeni akakagua namba, akakagua vioo, akainama pale nyuma ya injini, akainuka. Hatimaye akasema kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba gari ni zuri lakini alichokifuata hakipo tena.

Bibi alikuwa ameshika sinia la kahawa na kashata. Kiingereza hakijui, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, hata kwa daktari.

"Kasemaje?"

Mjomba alinitazama mimi tu.

"Kasema hajapata kuona gari safi kama hili, bibi."

Uso ukamchanua, akamwongezea mgeni kashata.

Lori la wachinja vipuri lilipolichukua, bibi alilipungia mkono. Gereji sasa ni nyasi, watu wanatembeza mbwa. Mjomba hafungui boneti ya gari lolote; likiharibika, anamwita fundi. Na bibi, tukiwa tunakunja nguo, bado huniuliza kama yule Mzungu analiosha kweli. Nami hujibu, analiosha, bibi, huku nikimchungulia usoni, nisijue leo ameamini au ananihurumia.