Tumbo la Akida

Wakati wa Mjerumani mjomba wangu alikuwa mchoraji, kazi ambayo bibi aliiita uvivu, na mimi sioni kama alikosea. Siku moja alitundika picha zake kwenye banda la ngoma pale Bigwa, zote za mkaa na udongo mwekundu juu ya merikani. Watu wakamiminika. Iliyowachekesha zaidi ilikuwa ya akida, mtu wa Mjerumani wa kutukusanya kodi, amebebwa kwenye machela, tumbo juu kama chungu cha pombe, na wabebaji ndimi nje.

Kumbe akida mwenyewe yuko mlangoni. "Nani kachora hii? Mchapeni viboko ishirini na tano!"

Bibi akasogea mbele.

"Wewe, mama yako si wa ukoo wa watani zetu? Mtani gani anakasirika? Hata ukifa nitakuja kukucheka msibani, na kuku nitapewa."

Banda zima likaangua kicheko. Akida akatazama huku na huku, mwisho akacheka kwa shida.

"Basi lipunguze hilo tumbo," akamwambia mjomba.

"Punguza lako kwanza," bibi akamjibu. "Yeye atafuatisha."